Uwiano wa adhabu: kati ya muuza muvi na anayepakua, nani abanwe zaidi?

Uwiano wa adhabu ni kanuni ya sheria inayotaka ukali wa adhabu uende sawa na uzito wa kosa. Haisemi mkosaji ahurumiwe. Inasema aliyekosa kidogo asitwishwe mzigo wa aliyekosa sana, na aliyekosa sana asitoke na faini ya kiini macho. Cesare Beccaria, mwanafalsafa wa sheria wa Milano, Italia, aliitetea mwaka 1764, enzi ambazo mahakama za Ulaya zilikuwa zikinyonga watu kwa wizi mdogo, na leo ni vigumu kumpata mtunga sheria atakayesimama hadharani aikatae. Ugumu uko kwenye kuitumia. Chukua filamu za wizi: yupo anayeziuza, yupo anayezipakua akaangalie nyumbani, na wote wawili wamechukua jasho la mtu bila ruhusa. Wapewe adhabu moja?

Kanuni hii ina maswali mawili ndani yake, na watu huyachanganya. La kwanza ni kama adhabu yenyewe inalingana na kosa: je, miaka mitatu jela inatosha, au imezidi, kwa kunakili filamu? Hilo halina jibu la kihesabu, kwa sababu hakuna anayejua filamu moja ni sawa na miezi mingapi ya gerezani. La pili ni kama makosa yamepangwa vizuri kwa ngazi, zito juu na jepesi chini. Hili linajibika, maana unalinganisha kosa na kosa.

Hebu tulijaribu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 7. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ilipotungwa, ilimwekea anayevunja hakimiliki kibiashara kwa mara ya kwanza faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili; akirudia, milioni 10 au miaka 5. Yaani kwa mpangilio ule, kuiba kuku kulikaa ngazi ya juu kuliko kuuza nakala za filamu ya mtu. Kenya walipanga kinyume. Kwao wizi wa kawaida ni miaka 3, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kama ilivyotungwa, ilimwekea anayetengeneza nakala haramu za kuuza kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi 400,000, au vyote. Nchi mbili jirani, kosa lilelile, ngazi zimegeuzwa juu chini. Kweli hivyo ni viwango vya mwisho, na hakimu ana ruhusa ya kushuka. Lakini kiwango cha mwisho ndicho Bunge linachotumia kusema kosa hili linaliudhi kiasi gani, na kwa maoni yangu miaka 10 kwa nakala huku mwizi wa ng'ambo ya barabara akipata 3 ni hesabu isiyokaa sawa.

Kinachomtenga muuzaji na mpakuaji katika sheria hizi ni biashara. Adhabu za Tanzania nilizozitaja zimefungwa kwenye sharti kwamba uvunjaji umefanywa kibiashara. Kenya nayo, inapotaja kosa la kuingiza nchini nakala haramu au kuwa nazo, inamwacha nje aliye nazo kwa matumizi yake binafsi ya nyumbani. Hata Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu na unaotumika tangu 1995, unazilazimisha nchi wanachama kuweka adhabu za jinai angalau kwa uharamia wa makusudi unaofikia kiwango cha biashara. Haulazimishi kumfunga mwanafunzi aliyepakua muvi akaiangalia kitandani.

Kwa nini biashara iongeze uzito? Jibu la haraka ni faida: muuzaji anakula kwa jasho la mwingine. Lakini kuna sababu ninayoiona ya msingi zaidi. Mtu aliyetoa shilingi mia tano kununua filamu ameonyesha mambo mawili, kwamba filamu ile ina thamani kwake na kwamba hela anayo. Hela hiyo ingeweza kumfikia mwenye kazi. Imeishia mfuko mwingine. Aliyepakua bure hatujui kama angelipa hata senti. Huenda angeiacha akaangalia mpira. Ndiyo maana hasara ya mwenye filamu haipatikani kwa kuzidisha idadi ya waliopakua kwa bei ya tiketi, ingawa wenye makampuni hupenda sana kupiga hesabu za namna hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, mwaka 1985, katika kesi iliyohusu santuri haramu za Elvis Presley, ilikataa kuzihesabu nakala zile kuwa mali ya wizi kwa sheria ya usafirishaji wa mali zilizoibwa. Ukiiba gari, mwenyewe anabaki anatembea kwa miguu. Ukinakili wimbo, mwenyewe bado anao. Ulichomnyang'anya ni haki ya kuamua nani aunakili na kwa bei gani. Ni kosa, ila la aina yake.

Hadi hapa mambo ni mepesi: muuzaji juu, mpakuaji chini. Sasa ingia mtaani.

Kwenye kibanda cha kuweka muvi kuna kijana, kompyuta, na hard disk iliyochakaa nembo kwa kushikwashikwa. Ndani yake mafolda: Za Kihindi, Za Kikorea, Za Mapigano, Season, Zilizotafsiriwa. Mteja anatoa flashi mfukoni, anaulizwa, "Ya DJ nani?", anachagua, wanasubiri mstari wa kijani ufike mwisho, analipa, anaondoka. Nyuma ya kijana yule kuna msururu mrefu. Kuna aliyetoa nakala ya kwanza kabisa, kuna DJ aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, kuna wa jumla anayejaza hard disk za vibanda. Mbele yake kuna wa kibanda umiza anayetoza kiingilio, na machinga anayetembeza DVD kwenye foleni. Wote hawa, kwa jicho la sheria, wanafanya biashara. Neno moja la "muuzaji" limewameza tajiri na mchuuzi.

Na huyo kijana wa kibanda ni muuzaji au mpakuaji? Ni vyote. Huku kwetu bando la kupakulia muvi moja yenye picha safi mara nyingi ni ghali kuliko kuinunua kibandani, kwa hiyo mtu mmoja anapakua kwa niaba ya mtaa mzima na wengine wanamlipa. Kwa kipimo cha sheria ni mfanyabiashara, lakini kwa kipato chake na nafasi yake katika msururu yuko karibu zaidi na wateja wake kuliko na yule wa jumla. Ukimpa adhabu ya wa jumla umevunja uwiano, hata kama vifungu vya sheria vimefuatwa neno kwa neno. Isitoshe, anayekamatwa kirahisi ndiye aliye barabarani. Mwaka 2013 Tanzania ilianza utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na tangu hapo DVD isiyo na stempu inajionyesha yenyewe mkononi mwa machinga. Flashi haina pa kubandika stempu.

Wengine wamejaribu kuandika ngazi hizi kwenye sheria yenyewe. Japani, kuanzia Oktoba 1, 2012, iliufanya upakuaji wa filamu na muziki wa wizi kuwa jinai kwa anayejua kwamba ni wa wizi: kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi yeni milioni 2. Anayepandisha filamu mtandaoni bila ruhusa yeye anaweza kufungwa hadi miaka 10 na kutozwa hadi yeni milioni 10. Mmoja kwa tano. Unaweza kubisha kama mpakuaji alistahili kuingizwa kwenye jinai hata kidogo (Uswisi hadi leo inaruhusu kupakua kwa matumizi binafsi na kukataza kupandisha), lakini ngazi zinaonekana.

Uingereza ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Kuanzia 2002 aliyeuza DVD bandia aliweza kupewa hadi miaka 10, ilhali aliyesambaza filamu zilezile mtandaoni kwa watu maelfu mwisho wake ulikuwa miaka 2. Wa sokoni mwenye begi la DVD alikuwa na hatari mara tano ya mwenye tovuti. Mwaka 2017 walisawazisha, wote wakawa 10. Kusawazisha kwa kumpandisha wa chini ndiyo tabia ya mabunge. Ni mara chache utaona wakimshusha wa juu.

Teknolojia nayo haikusaidia. Anayetumia torrent, njia ya watu kugawiana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta zao, anadhani anapakua tu. Lakini filamu kwenye torrent imekatwa vipande vidogo, na kila kipande kinapoingia kwenye kompyuta yako programu inaanza kukigawa kwa wengine wanaokitafuta, bila kukuuliza kila mara. Kwa hiyo anayeangalia muvi kwa torrent ni mpakuaji na msambazaji kwa dakika ileile. Makampuni ya Marekani na Ujerumani yamefungua kesi nyingi kwa njia hii: hayakushtaki kwa kupokea, yanakushtaki kwa kugawa. Nia ya mtu ilikuwa kuangalia filamu, ila tendo lililoandikwa kwenye hati ni usambazaji.

Na hapo ndipo linapoingia jambo ambalo watu wengi hawalitegemei: anayeumia zaidi kwa fedha anaweza kuwa asiyeuza chochote. Kesi za jinai ni za serikali, lakini mwenye hakimiliki anaweza pia kukudai fidia kwa kesi ya madai. Sheria ya Marekani inamruhusu kudai fidia iliyopangwa na sheria, kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama ulikusudia, bila kulazimika kuthibitisha alipoteza kiasi gani hasa. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota alishtakiwa kwa nyimbo 24 alizogawa kwenye Kazaa, mtandao wa watu kugawiana mafaili. Hakuuza hata mmoja. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likamtoza dola 222,000. Kesi ikarudiwa 2009, ikapanda kuwa dola milioni 1.92, yaani 80,000 kwa wimbo uliokuwa ukiuzwa kwa kama dola moja. Jaji akaishusha hadi 54,000 akiona imepita kiasi. Baada ya kesi ya tatu na rufaa, mwaka 2012 ikarejeshwa kwenye 222,000.

Weka kando yake kesi ya Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawana mafaili. Marekani iliifunga tovuti hiyo Januari 2012 ikidai imewatia wenye hakimiliki hasara ya zaidi ya dola milioni 500 na kuwaingizia waendeshaji wake zaidi ya dola milioni 175. Juni 2023 viongozi wake wawili, waliokiri makosa nchini New Zealand, walifungwa, mmoja miaka 2 na miezi 7, mwingine miaka 2 na miezi 6. Jela ni jela, siidharau, na kukiri kwao kuliwapunguzia. Lakini gawanya adhabu ile kwa mamilioni ya dola, kisha gawanya ya yule mama kwa nyimbo 24, uone nani alilipa bei ya juu kwa kila tendo.

Utetezi wa adhabu kubwa kama ile ni kwamba wanaokamatwa ni wachache, hivyo huyo mmoja apigwe ili wengine waogope. Beccaria alishaijibu hoja hiyo: kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu. Mtu anayepakua filamu hafikirii dola 150,000, kwa sababu haamini kuna anayemwona. Na huyo mmoja aliyepigwa kwa niaba ya wengine ameadhibiwa kwa makosa ambayo si yake, na hapo uwiano umeshapotea.

Kwa mahakama zetu kuna tatizo ambalo naliona ni kubwa kuliko tofauti ya kuuza na kupakua, nalo ni ile "faini au kifungo". Ile shilingi milioni 5 ya sheria ya 1999, kwa mwenye kujaza hard disk za vibanda ni usumbufu. Atalipa kabla jua halijazama arudi kazini. Kwa machinga milioni 5 ni hukumu ya kifungo iliyoandikwa kwa lugha ya pesa. Kosa moja, kifungu kimoja, hakimu mmoja, mmoja yuko nyumbani na mwingine yuko gerezani, na aliye gerezani ndiye aliyeuza kidogo.

Ujerumani faini inahesabiwa kwa siku. Kwanza hakimu anapima uzito wa kosa na kutaja idadi ya siku, kwa kawaida kati ya 5 na 360. Kisha thamani ya kila siku inapangwa kwa kipato cha mshtakiwa mwenyewe, kuanzia yuro 1 hadi 30,000. Wawili wakipewa siku 60, kosa lao limehesabiwa sawa, na kila mmoja ataumia kwa kiasi cha mfuko wake. Kwa utaratibu huo hakimu wa Kariakoo angeweza kumpa wa jumla siku 300 na kijana wa kibanda siku 20, akijua wote wawili watailipa na wote wawili wataisikia.