Soba na methadoni: njia mbili za kumtoa mtu kwenye unga

Ukisikia mtu wa Unguja akisema "fulani yuko soba", maana yake anaishi kwenye nyumba ya watu wanaoacha dawa za kulevya. Serikali huziita nyumba za upataji nafuu. Si hospitali. Mara nyingi msimamizi mwenyewe alikuwa teja akaacha, na waliomo hupika, hufagia na hukaa vikao pamoja kwa miezi. Nyumba hizi zilianza Zanzibar mwaka 2009, ilhali heroini ilishaingia mitaani tangu miaka ya 1980.

Mtindo wenyewe umetoka Marekani. Mwaka 1935, mjini Akron, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, waliona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous na zile hatua 12. Mwaka 1953 watu wa California wakauchukua utaratibu huo kwa ajili ya dawa za kulevya, ikawa Narcotics Anonymous, ile NA inayotajwa sana soba. Hatua hizo humtaja Mungu bila kubagua dini, na nadhani ndiyo maana zimekaa vizuri kwetu.

Methadoni ni njia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1960, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York waliwapa waraibu wa heroini dawa hii ya kunywa mara moja kwa siku, inayozuia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Wapo wanaoibeza, eti mtu ameacha unga akashika dawa. Mimi sikubaliani nao. Anayekunywa kikombe chake mbele ya muuguzi hana haja ya kuchangia sindano wala kuiba simu ya mama yake, na kazini anakwenda.

Familia nyingi hukosea kwenye arosto. Kijana hufungiwa chumbani, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, halafu baada ya wiki anatulia na watu wanashukuru kwamba amepona. Bado. Mwili wake sasa umepoteza mazoea ya unga. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua akafa. (Wa pombe ni kinyume: arosto yenyewe inaweza kumuua, kwa hiyo apelekwe hospitali, asifungiwe.)

Basi kabla ya kulipa ada ya soba, uliza nani atamfuatilia akishatoka, akizidiwa usiku anapelekwa wapi, na kama wanampima VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Uliza pia kama wanakubali aliye kwenye methadoni, maana nyingine humkataa. Wakikuzuia kumwona mwanao, au ukiona minyororo, mchukue muondoke. Anayeahidi kumponya kwa siku saba anataka pesa zako tu. Kwa binti, hakikisha nyumba ni ya wanawake. Hizo ni chache. Na mtu wa Micheweni, Pemba, akipangiwa Kidongo Chekundu hawezi kuvuka bahari kila asubuhi kufuata kikombe, kwa hiyo kabla ya kumwanzisha, familia ikubaliane atakaa kwa nani mjini na nauli yake ya kila siku atatoa nani.