Mteja wa Dodoma ana umri gani? Dhana zinazowapotosha wafanyabiashara

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma moja kwa moja, hesabu ya wengi wanaokuja kukodi fremu hapa imekuwa moja: watu wanaongezeka, basi mauzo yataongezeka. Watu wapo kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 3,085,625 mkoani. Wanachosahau ni kuuliza wakazi hao wako kwenye hatua gani ya maisha, na fedha ya kila hatua inatoka kwa nani. Naona mitaji ya watu ikiteketea kwa sababu hiyo, nami inaniuma.

Dhana: Nchi hii ni ya vijana, kwa hiyo uza vitu vya vijana.

Wingi wa watu si wingi wa fedha. Zaidi ya Watanzania wanne kati ya kumi hawajafikisha miaka 15, na hao hawana mfuko wao. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari, viatu na nauli bado ni vya mzazi. Mtoto huchagua rangi ya begi, mama hukagua mshono na zipu. Ukimridhisha mtoto peke yake, Januari nyingine mama atapita mlangoni pako kwenda kwa jirani.

Dhana: Mwanachuo hana hela.

Anayo, ila inakuja kwa mawimbi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na sehemu kubwa ya biashara za Ng'ong'ona na Makulu inategemea wanafunzi wake. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, likitoka, wiki hiyo ni chipsi kuku, viatu na kusuka nywele. Wiki chache baadaye mwanafunzi yuleyule anatafuta wali maharage na kifurushi kidogo kabisa cha intaneti. Anayedumu pale ni yule mwenye bei za wiki zote mbili. Kuna pia likizo ndefu: wanafunzi wanaondoka, kodi ya fremu inabaki. Hilo lipangie tangu siku unaposaini mkataba.

Dhana: Mtu hutumia zaidi akiwa kijana, kisha anatulia.

Hapa ndipo wengi wanapokosea zaidi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kaya zinazotumia fedha nyingi kwa wastani ni zile ambazo mkuu wake ana miaka 45 hadi 54. Marekani si Dodoma, lakini sababu tunazifahamu: mshahara umepanda, watoto wamekua na wanakula sana, na mambo ya kulipia yamerundikana.

Kwetu yanarundikana kuliko kule. Mtumishi wa miaka arobaini na kitu aliyehamishiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana mtoto bweni, ana wazazi kijijini wanaotumiwa fedha kila mwezi, ana michango ya harusi, na juu ya yote hayo anajenga. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, kwa miaka. Kwanza msingi, kisha boma (kuta zisizo na paa), kisha kupaua, madirisha na grili, na mwishoni jipsamu, marumaru na rangi.

Kwa sababu hiyo mtaa nao una umri wake. Viwanja vikigawiwa leo, biashara yake ni saruji, nondo, tofali na maji ya boza. Miaka michache mbele, mtaa uleule unataka mapazia, makochi na matangi ya maji. Baadaye unataka shule ya awali, saluni na duka la dawa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeendelea kujaza nondo mahali ambapo nyumba zote zimeshapauliwa atalaumu uchumi, wakati wateja wake wapo palepale na fedha yao sasa inakwenda kwa muuza mapazia. Kabla ya kuagiza mzigo, zunguka mtaa na uhesabu maboma na nyumba zenye pazia.

Dhana: Mzee hanunui.

Ananunua tofauti. Nguo na nauli ya kazini hupungua; dawa za presha na sukari, miwani na vipimo huongezeka. Mwaka 2005 wachumi wa Marekani Mark Aguiar na Erik Hurst walionyesha kwamba wastaafu hupunguza fedha ya chakula bila mlo wao kuharibika, kwa kuwa wana muda wa kutafuta bei nafuu na kupika wenyewe. Mstaafu ana asubuhi nzima ya kulinganisha bei za nyanya sokoni Majengo. Muuzie kwa haki, atarudi.

Huko Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, mara nyingi anayemlipia mzee ni mtoto aliye mjini. Mavuno yakiwa mabaya, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, fedha hiyo ndiyo inayonunua unga. Duka la kijijini linalopokea malipo ya simu kutoka kwa mtoto, likampa bibi unga, sabuni na dawa, kisha likamtumia mtoto picha ya risiti, linauza uhakika. Biashara hiyo ina nafasi kubwa na wanaoifanya ni wachache.

Dhana: Mstaafu ana mamilioni, mwahi.

Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Mkupuo, yaani fedha anayolipwa kwa mara moja akistaafu, ni sehemu tu ya haki yake. Nyingine huja kama pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Wanaomvizia wiki ya mkupuo na kumshawishi anunue basi au afuge kuku elfu moja bila uzoefu wanamharibia uzee wake, na nasema wazi kwamba ni dhuluma. Ukitaka biashara halali na ya muda mrefu kwake, lenga pensheni ya mwezi: dawa zinazopatikana bila kukatika, gesi na maji yanayofikishwa nyumbani, fundi anayekuja siku aliyoahidi.