Je, wajua kwa nini kikao cha kuandika huzaa mawazo mengi kuliko kikao cha kusema?

Kikao kilikuwa Mwanjelwa, ghorofani juu ya duka la pembejeo, mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Tulikuwa sita na swali letu lilikuwa moja: maparachichi ya aina ya Hass ambayo mnunuzi anayakataa kwa sababu ya doa au udogo, tuyafanyeje? Tukazunguka meza kwa zaidi ya saa nzima. Mwisho wake daftari langu lilikuwa na mawazo tisa, matano kati ya hayo ya mzee mmoja ambaye kila akimaliza husema "jambo la mwisho", kisha anaanza upya.

Wiki mbili baadaye wawili wetu walikuwa Njombe na mmoja Tukuyu. Ili kuokoa nauli tukalirudia swali lile kwenye ubao wa mtandaoni, yaani ukurasa mweupe ambao kila mwenye kiungo anaufungua kwenye simu au kompyuta yake, akaandika na kubandika vikaratasi vya rangi, na wote wakaviona papo hapo. Tukapeana dakika kumi za kuandika kimya kimya. Vikaratasi vikawa thelathini na kimoja. Tulipotoa vilivyojirudia vikabaki ishirini na viwili.

Kwa nini? Jibu nilikuwa nalo mkononi: aibu. Kuna mama mmoja wa Kiwira ambaye kule Mwanjelwa hakusema kitu, na sasa alikuwa ameandika vikaratasi saba, kikiwemo kile kilichotufanya tukae wima: mbegu za matunda yaliyokataliwa zioteshwe, ziwe mashina ya kubebeshea (kuunganishia) miche. Nikajiambia, bila shaka mbele ya wazee alisita, ubao ukamfungua. Kwa miezi kadhaa nililirudia jibu hilo kila nilipoulizwa, hata kwenye mafunzo niliyoendesha Iringa, kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku moja nikamwambia mwenyewe. "Mama, naona ubao umekuondolea aibu."

Akacheka. "Aibu ya nini, mwanangu? Siku ile neno la mbegu nilikuwa nalo. Nikasubiri mzee amalize. Alipomaliza nikawa nimeshalisahau."

Kumbe sentensi hiyo ndiyo watafiti walichukua karibu miaka thelathini kuifikia.

Kubungua bongo kwa pamoja, yaani kukaa kundini na kutoa mawazo kadiri yanavyokuja, kama tunavyokujua kwenye semina, kulienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa kampuni ya matangazo ya BBDO, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1953. Kanuni zake ni zile tunazozisikia hadi leo: usikosoe, karibisha wazo la ajabu, tafuta wingi, jengea juu ya wazo la mwenzako. Akaongeza dai kwamba mtu wa kawaida hubuni mawazo mara mbili zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kwetu dai hilo halihitaji hata kutetewa. Tumelelewa na "penye wengi hapaharibiki neno".

Mwaka 1958 Taylor, Berry na Block wa Chuo Kikuu cha Yale wakalipima. Wanafunzi wengine waliwekwa wannewanne wakabungua bongo pamoja. Wengine waliketi kila mtu peke yake, kisha orodha zao zikajumlishwa nne nne na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Hayo ya pili tuyaite makundi ya jina tu, maana watu wake hawakukutana. Makundi ya jina tu yakatoa karibu mara mbili ya makundi ya kweli. Dai la Osborn lilikuwa limegeuzwa miguu juu, na matokeo ya namna hiyo yameonekana tena na tena tangu hapo.

Sasa mhalifu ni nani? Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, wakiwa Tübingen, Ujerumani, waliwapanga washukiwa watatu. Wa kwanza ni kutegea: nikijua kazi itahesabiwa ya wote, naacha wenzangu wabebe. Wa pili ni yule wangu, aibu, hofu ya kuonekana mjinga. Wa tatu ni zamu: watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja wakasikilizana, kwa hiyo mmoja anasema na wengine wanangoja. Kutegea kulichangia kidogo. Aibu nayo ilipunguza mawazo, lakini haikutosha kueleza pengo kubwa namna ile.

Jaribio lao la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lina ukorofi ndani yake. Walimweka kila mtu kwenye chumba chake, na kipaza sauti, na taa mfano wa zile za barabarani. Mmoja akianza kusema, taa za wenzake zinawaka nyekundu: ngoja. Akinyamaza, zinageuka kijani. Baadhi waliwasikia wenzao, wengine hawakusikia chochote, walitazama taa tu. Fikiria huyo wa mwisho. Yuko peke yake, hakuna mzee anayemtazama, hakuna anayemkatiza, kazi yake ni kutii taa. Mawazo yake yalishuka hadi karibu nusu ya yale ya watu walioachwa waseme wakati wowote. Wataalamu wanakuita huku kuzuiwa kwa uzalishaji. Mimi nakuita foleni.

Na foleni hii si ya muda tu, ingawa hesabu ya muda peke yake inatisha: watu sita kwa saa moja ni dakika kumi kumi za kusema kwa kila mtu, na hiyo ni kama hakuna mwenye jambo la mwisho. Ubaya zaidi ni linalotokea kichwani mwa anayengoja.

Mkumbuke mtoto aliyetumwa dukani. "Chumvi, kiberiti, sukari nusu. Chumvi, kiberiti, sukari nusu." Njia nzima anairudia, na ana haki ya kuirudia, maana akiacha itamtoka. Sasa akutane na mbuzi aliyekatika kamba, au rafiki amuulize mechi iliishaje. Akifika dukani ana chumvi peke yake. Anayengoja zamu kikaoni ni mtoto huyo. Ameshika wazo lake moja, analirudia moyoni, na huku anatakiwa amsikilize anayesema. Akisikiliza vizuri, wazo linamponyoka. Akilishikilia vizuri, hasikii, na pia hawezi kuzaa la pili, kwa sababu mikono imejaa. Hapo ongeza kwamba anapata muda wa kulikagua wazo lake mara kumi kabla ya kulitoa, na mara ya kumi halipendezi tena.

Kuna tabaka jingine chini ya hilo. Mawazo hayakai kichwani moja moja kama maembe mtini. Yanakaa kama viazi. Aliyechimba viazi Uporoto anajua: shina moja ukiling'oa linakuja na kiazi, ukipekua udongo hapo hapo unapata kingine, na kingine, na vile vidogo vya mwisho ambavyo mvivu huviacha. Faida iko katika kulimaliza shina moja kabla ya kwenda jingine. Ukiitwa kando katikati ya kazi, ukarudi baada ya robo saa, hukumbuki ulikuwa umepekua upande gani. Unaanza shina jipya. Nijstad, Stroebe na mwenzao Lodewijkx walilichunguza jambo hili mwaka 2003 na kuona kwamba kungoja kunakata mfululizo wa mawazo yanayofuatana. Kwa hiyo kikaoni kila mtu anang'oa shina, anatoa kiazi cha juu, anaitwa kando. Shamba zima limetifuliwa na gunia halijajaa.

Ubao wa mtandaoni unaondoa taa nyekundu, basi. Wazo likija unalitua kwenye kikaratasi, mikono inabaki mitupu, unaendelea kupekua shina lako. Ukitaka kuona ya wenzako unainua macho kwa wakati wako.

Wengi huniuliza kwa nini hamfutani mkiandika wote kwa pamoja. Nami nilidhani ubao ni picha inayotumwa huku na huku kama simu ya video, na atakayehifadhi mwisho ndiye mshindi. Sivyo. Katika mbao nyingi kila kikaratasi ni kitu kinachojitegemea chenye alama yake, na kinachosafiri ni taarifa fupi tu: kikaratasi fulani kimeongezwa, kile kimesogezwa kushoto, hiki kimegeuzwa njano. Mkigusa vikaratasi tofauti hakuna ugomvi. Mkigusa kimoja, programu ina kanuni ya kuamua badiliko lipi lisimame, mara nyingi la mwisho kufika. Ndiyo maana dakika kumi za ubao hazili bando kama dakika kumi za video. (Na watu wa Mafinga msinicheke, nikisema mbao sizungumzii zile za msitu wa Sao Hill.) Wazo lenyewe la watu wawili walio mbali kugusa ukurasa mmoja si la jana. Mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart alilionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, akiwa na mwenzake aliyekuwa mji wa Menlo Park, kila mmoja na kishale chake kwenye kioo kimoja.

Hapa inabidi nipunguze shangwe kidogo, maana nimeshawahi kujiamini mno.

Kwanza, vikaratasi vyetu thelathini na kimoja si jaribio. Swali lilikuwa lile lile, na watu walikuwa wamelitafuna wiki mbili. Pili, vijana wa Yale na Tübingen hawakuwa na mwenyekiti wa kijiji mezani, wala hawakuanza kikao kwa shikamoo. Sitashangaa aibu ikiwa na uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko maabara zilivyoonyesha. Nilichokosea ni kuifanya mhalifu pekee, na kumsingizia mama wa watu. Tatu, majaribio haya yalihesabu zaidi wingi wa mawazo. Kuchagua lipi lifanyike ni kazi nyingine, na hapo bado mnahitaji kuketi na kubishana kwa mdomo.

La nne ndilo lililonichekesha. Mwaka 1993 Dennis na Valacich walilinganisha makundi yanayobungua bongo kwa kompyuta na yale makundi ya jina tu. Kwa watu kumi na wawili, kompyuta ilishinda. Kwa watu sita hakukuwa na tofauti ya maana. Sisi tulikuwa sita. Yaani kila mtu angeandika kwenye karatasi yake nyumbani na kunitumia picha, huenda tungepata yale yale, bila kumfundisha mzee kwa robo saa jinsi ya kukuza ukurasa kwa vidole viwili.

Na ubao wenyewe unaweza kuharibiwa kirahisi. Nimeona ofisi ambako mtu mmoja ameshika kompyuta, ukurasa umerushwa ukutani, na wengine wanamwambia cha kuandika mmoja baada ya mwingine. Hiyo ni foleni ile ile, imewekewa umeme.

Kwa nini basi vikao vya mdomo havifi? Sababu mojawapo ni kwamba vinapendeza. Mwaka 1992 Stroebe, Diehl na Abakoumkin walionyesha kuwa watu waliobungua bongo kundini hujiona wamezalisha sana, kwa sehemu kwa sababu huyahesabu mawazo waliyoyasikia kama yao. Nilitoka Mwanjelwa siku ile na mawazo tisa, nikiamini kabisa kwamba kikao kimefana.

Mwezi wa nane tulikutana tena ana kwa ana. Nilikuwa nimeandaa ubao kwa mbwembwe, vikaratasi vimepangwa kwa rangi, na umeme ukakatika kabla sijatuma kiungo. Ikabidi nichane daftari. Kuna njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach ya mwaka 1968 inayoitwa 6-3-5: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa karatasi jirani yake, naye anaongeza matatu chini yake. Ikizunguka yote, nusu saa inatoa nafasi 108. Tukafanya hivyo karibu na dirisha, kila mtu na peni, bila sauti isipokuwa kikombe kikigusa meza.

Raundi ya pili mzee alimaliza matatu yake mapema. Akaigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akanyoosha mkono kuuliza kama anaruhusiwa kuandika huko jambo la mwisho.