Pesa ya kujengea kijijini: dhana zinazotukwamisha na ukweli wake

Pita vijiji vya Mbozi, Namtumbo au Masasi, utakutana na maboma. Kuta za tofali za kuchoma zimefika usawa wa lenta, madirisha yako wazi, majani yameota panapotakiwa kuwa sebule. Watu husema mwenye boma ni mzembe. Mimi naona pesa ya misimu miwili au mitatu imelala nje, na naona kwamba mwenyewe alikosa fedha wakati mmoja tu, wakati wa kupaua. Mengi tunayoambiana kuhusu kugharamia nyumba vijijini ndiyo yanayoacha maboma hayo yalowe kila mwaka.

“Bila mkopo wa nyumba wa benki, hujengi nyumba ya maana.”

Mikopo ya nyumba ya benki, ile ya kulipa kwa miaka 15 au 20 huku nyumba yenyewe ikiwa dhamana, ipo Tanzania. Ilipata nguvu baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na baada ya kuanzishwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozikopesha benki ili nazo ziweze kukopesha kwa muda mrefu. Lakini mikopo yenyewe nchi nzima inahesabika kwa maelfu machache, wakati Sensa ya 2022 ilikuta majengo zaidi ya milioni 14. Karibu nyumba zote unazoziona, za mjini na za vijijini, zimesimama bila mkopo huo.

Mkulima anajenga kwa hatua. Mwaka huu anafyatua tofali na kuzichoma, mwaka ujao anajenga msingi, akivuna vizuri ananyanyua kuta. Mtu wa namna hii anahitaji mkopo mdogo wa hatua moja, unaoisha kabla hatua nyingine haijaanza. Jirani zetu wamelifanyia kazi hilo. Kenya, benki ya KWFT ilitoa mkopo wa Nyumba Smart, na Uganda, Centenary Bank ikatoa CenteHome, katika mpango wa mashirika ya misaada ya Habitat for Humanity na Mastercard Foundation ulioanza 2012. Ni mikopo midogo ya kujenga au kuboresha nyumba kidogo kidogo, na hata mtu asiye na hati ya aina inayotakiwa na benki za mjini alifikiriwa.

Hatua nazo hazilingani. Mtu akiniuliza akopee ipi, namwambia paa. Kuta nyingi za vijijini ni tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo, si kwa saruji. Mvua ikizipiga bila paa, udongo unayeyuka kwenye viungo, kozi za juu zinalegea, na fundi akirudi mwaka unaofuata anaanza kwa kubomoa. Kwa hiyo akiba yako ibebe msingi na kuta, na mkopo ubebe mbao na bati, uchukuliwe mapema kiasi cha kuezeka kabla ya mvua. Anayekopa kwa ajili ya msingi kisha akakwama kwenye kuta analipa riba ya kitu asichoweza kulala ndani yake.

“Hatimiliki ya kimila ni karatasi tu.” Na wenzao wanaosema: “Ukishapata hati, benki inakupa hela.”

Wote wamekosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema wazi kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki ya kutolewa, ile inayoandikiwa hati ya mjini. Tena inaweza kutolewa bila ukomo wa muda. Inatolewa na halmashauri ya kijiji, na kijiji chenyewe kinapaswa kuwa na cheti cha ardhi yake. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge ulioanza 2004, ulijengwa juu ya wazo hilo hilo: mnyonge akirasimisha alichonacho, aweze kukitumia kupata mtaji.

Ila afisa mikopo haangalii hati peke yake. Anajiuliza, huyu akishindwa kulipa, shamba hili nitamuuzia nani? Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa yeyote anayetokea barabarani, na halmashauri ya kijiji ina sauti juu ya nani anahamishiwa. Hapo benki nyingi husita. Hati itakulinda usinyang'anywe, itakusaidia kwenye mgogoro wa mpaka, na baadhi ya wakopeshaji wataipokea. Ichukue kwa sababu hizo. Usiichukue kwa ahadi kwamba wiki ijayo utakuwa na milioni kumi.

“Mkulima hakopesheki, hana kipato cha kueleweka.”

Kipato anacho, na mara nyingi kinaeleweka kuliko cha machinga wa mjini. Minada ya korosho Mtwara na Lindi hufanyika kuanzia Oktoba, mauzo yanapitia chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani (mzigo unapokelewa ghalani kwa risiti kabla ya kuuzwa), na malipo yanaingia benki kwa jina lake. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanavunwa kuanzia Mei. Kisichoeleweka ni ratiba ya marejesho. Mtu anakopeshwa Novemba, rejesho la kwanza linadaiwa Desemba, mahindi hata hayajapaliliwa. Atafanya nini? Atauza mazao yangali shambani kwa bei ya kutupa, au atakopa kwingine alipie huku. Ndipo mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, inapomkuta.

Ukikaa na mkopeshaji, omba rejesho kubwa liangukie baada ya mavuno, na miezi ya katikati ulipe riba tu au kiasi kidogo. SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, zilizozaliwa kwenye maeneo ya wakulima zinaielewa lugha hii. Asiyetaka hata kuisikia, mwache.

“Asilimia tatu kwa mwezi ni kidogo.”

Inategemea inakatwa kwenye nini. Chukua mkopo wa shilingi 2,000,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi. Riba ikikatwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, unalipa 60,000 kila mwezi, jumla 720,000. Ikikatwa kwenye deni lililobaki, huku ukirudisha mtaji kwa mafungu sawa, jumla ya riba ni 390,000. Tofauti ni shilingi 330,000, na asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo ni ile ile. Waulize neno kwa neno: riba inapungua deni likipungua, au haipungui? Halafu uliza jumla yote utakayorudisha, pamoja na ada ya fomu na bima. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na una haki ya kuomba kuiona kabla ya kuweka sahihi.

“Vikoba ni vya mitaji ya maandazi, havijengi nyumba.”

Vikundi hivi vya kuweka akiba na kukopeshana vinajenga, mradi ujue mipaka yake. Mwanachama anayenunua hisa mbili za shilingi 5,000 kila wiki anafikisha 520,000 kwa mwaka, kabla ya faida. Vikundi vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa, kwa hiyo katikati ya mzunguko, hisa zake zikiwa 260,000, mtu huyu anaweza kuwa na nguvu ya kukopa 780,000. Nenda na hesabu hiyo dukani kwenu uulize bei ya bati.

Mpaka wenyewe ni huu: kikundi kinachogawana kila mwaka hakiwezi kukopesha kwa miaka mitatu, kwa sababu sanduku likifunguliwa fedha zote zinatakiwa ziwepo. Kwa hiyo kikoba ni cha bati, milango, choo, sakafu. Wako akina mama wanaocheza mchezo wa bati badala ya fedha taslimu, kila mwezi mmoja wao anapelekewa bati mlangoni. Napenda sana utaratibu huo, kwa kuwa bati haliwezi kugeuka ada ya shule wala mchango wa harusi likiwa njiani.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni jambo jingine. Imetengwa kwa shughuli za kuingiza kipato za vikundi. Ukiipeleka kwenye nyumba, unawaachia wenzako kwenye kikundi deni la kulipa.

“Serikali ikianzisha benki ya nyumba, tatizo litakwisha.”

Tulikuwa nayo. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza miaka ya mwanzo ya 1970 na ikafungwa 1995. Benki ya namna hiyo inaweza kusaidia, lakini ikikopesha bila kurejeshewa itaishia pale pale.

“Nafuu maana yake hafifu.” Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, umekuwa ukizihimiza, hazichomwi kwa kuni na zinakula saruji kidogo wakati wa kujenga, ilimradi udongo wa pale ufae. Unapobana fedha, usibane kwenye bati: namba ya geji ikipanda, bati ni jembamba zaidi, na geji 32 si bora kuliko 28 hata kama namba yake ni kubwa.

“Nyumba ni ya baba, sahihi yake inatosha.”

Haitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mkopeshaji anayepokea sahihi ya mume peke yake anajiletea kesi, na mke anayeombwa “weka tu dole gumba hapa” ana haki ya kusomewa mkataba wote kwanza. Hatimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Mnapoiomba kwenye ofisi ya kijiji, ombeni iandikwe hivyo tangu siku hiyo.