Matusi ya upande wetu si "maoni"

Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya magunia ya viazi, simu ya kioo kilichopasuka ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa na maneno makali juu ya kiongozi fulani. "Huyu akamatwe, kaka, uhuru wa maoni una staha," alisema mzee mmoja. Juzi tu nilimwona akicheka machozi kwa maneno mabaya kuliko hayo, ila yalimlenga mpinzani.

Wengi tunaamini Katiba ya Tanzania inalinda lugha ya adabu tu. Sivyo. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake; haisemi fikra hizo zipendeze. Mipaka ipo ibara ya 30, inayoruhusu sheria kulinda haki na sifa za watu wengine. Ndipo ilipokaa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na si ya kuchezea: Julai 2024 mahakama huku Rungwe ilimhukumu kijana miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 kwa video ya kumtusi Rais na kuchoma picha yake. Wananchi wakachanga, faini ikalipwa. Kwangu mimi adhabu ile ilikuwa nzito mno.

Ila ibara ya 13 ndiyo tunayoiruka: watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kama tusi ni kosa likimpata kiongozi unayempenda, ni kosa pia likimpata yule usiyempigia kura.