Je, wajua taa ya nje inajuaje kwamba jua limezama?

Nenda Kariakoo kununua taa ya sola ya ukutani. Muuzaji hangoji giza akuonyeshe kama ni nzima: anaifunika paneli kwa kiganja, taa inawaka mchana kweupe. Akitoa mkono, inazima.

Siri iko kwenye paneli yenyewe. Mwanga ukiipiga, inatoa umeme wa kuchaji betri. Giza likiingia umeme huo unakatika, na sakiti ndogo iliyo ndani inasoma ukimya huo kama amri ya kuwasha. Mpishi huyohuyo ndiye mlinzi.

Taa inayotumia umeme wa kawaida haina paneli, kwa hiyo hufungiwa kihisi mwanga. Kimojawapo kinachotumika sana ni kidude kidogo kuliko kifungo cha shati, usoni kina mstari unaojipinda kama njia ya siafu. Mstari huo ni wa kadmiamu salfaidi, mchanganyiko wa kadmiamu na salfa. Gizani huukatalia umeme: ukinzani wake unaweza kupita omu (kipimo cha ukinzani) milioni 1. Juani hushuka hadi mamia machache tu, kwa sababu mwanga unazing'oa elektroni zilizokuwa zimejibana, nazo zikiwa huru zinabeba umeme.

Tabia hii iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alikuwa akitumia vijiti vya seleniamu, elementi inayopitisha umeme kwa shida, kupima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, lakini vipimo vikawa havitulii. Alipoviweka kwenye boksi lenye kifuniko, akaona: akifunika ukinzani unapanda, akifunua unashuka. Alitaka kizuizi cha umeme, akapata jicho.

Simu yako janja nayo huwa na kijicho cha kuhisi mwanga upande wa kamera ya mbele. Ndicho kinachofifisha kioo ukiingia gizani.

Ila jicho hili la taa halijui saa wala magharibi. Linajua mwanga tu, hata uwe wa taa yake lenyewe. Jirani yangu taa yake ilikuwa ikiwaka na kuzima usiku kucha, akabadilisha balbu mara mbili. Kumbe kihisi kilielekea ukuta mweupe: taa ikiwaka, ukuta unang'aa, kihisi kinadhani kumekucha, kinazima, giza likirudi, kinawasha tena. Fundi alikigeuza tu kikatazama barabarani, akadai elfu tano yake.