Sanduku la marehemu baba na hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

«Wanataka karatasi za zamani tu.»

Umri peke yake haumshawishi mtunza nyaraka. Gazeti la Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) la mwaka 1930 linaweza kukataliwa ikiwa maktaba nyingine tayari zinalo. Daftari la likelemba, yaani mchango wa kupokezana, la akina mama wa mtaa wa Katuba, lililoandikwa kwa bik mwaka 1994, linaweza kupokelewa siku hiyohiyo. Halina nakala popote, na ndani yake mna bei, majina na hesabu za familia zilizojikimu mishahara ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipokwama.

Maswali yanayoulizwa ni haya: linahusu eneo letu? Nani aliliandika, na kwa kazi gani? Kuna nakala kwingine? Litasomeka? Tuna uwezo wa kulitunza? Hilo la mwisho ndilo linalorudisha vingi nyumbani. Mita 1 ya rafu inabeba maboksi 8 tu ya upana wa sentimita 12, kwa hiyo anayesema ana «chumba kizima» atatembelewa kwanza na mtu mwenye futi kamba.

«Historia ya Katanga ni Union Minière, reli na Tshombe.»

Wakubwa wameshapata makao. Nyaraka nyingi za Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967, ziko Brussels katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ubelgiji. Kujitenga kwa Katanga chini ya Tshombe, Julai 1960 hadi Januari 1963, kumeandikiwa vitabu tele. Pengo liko kwa waliokaa kwenye kambi za wafanyakazi na kupanga foleni ya posho. Mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ulioishia kwa risasi uwanjani, tunausoma zaidi kwa kalamu ya kampuni na ya watawala.

Mwaka 1965 kikundi cha waliokuwa maboyi wa Wazungu kilitoa kijitabu cha historia ya mji huu, kwa Kiswahili cha hapahapa, kikarudufiwa kwa mashine. Msomi mwenye haraka angekiita Kiswahili kibovu na kukiweka kando. Leo wanahistoria na wanaisimu wanakitegemea.

Basi vinavyotafutwa ni kitabu cha kazi, barua, karatasi za parsele (kiwanja), kanuni za chama cha watu wa kijiji kimoja, kaseti za kwaya, mafundisho ya Jamaa (kikundi cha Wakatoliki), albamu ya picha za studio. Picha isiyo na jina nyuma haifai sana, lakini mzee mmoja anayewatambua waliomo anaweza kuiokoa, mradi aulizwe angali hai.

«Kabla ya kupeleka, zisafishe na uzipange.»

Hapa ndipo nyaraka nyingi huharibiwa, tena na watu wenye nia njema. Baba aliweka risiti ya hospitali ndani ya barua ya kakaye kwa sababu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Ukizitenganisha, barua huku na risiti kule kwa miaka, umefuta maelezo ambayo hayakuandikwa popote pengine. Mtunza nyaraka anataka sanduku lilivyo, na orodha fupi: lilikuwa la nani, lilikaa wapi, nani alilifungua.

Usizipige plastiki ya moto. Haitoki tena bila kuharibu karatasi. Usibandike utepe wa gundi, unaacha doa la kahawia. Pini na vibanio vyenye kutu viache, vitaondolewa taratibu. Ukitaka kuandika jina nyuma ya picha, tumia penseli laini, pembeni. Picha zilizogandana usizibandue.

Usishangae sanduku lako likiwekwa kando kwanza, mbali na mengine. Mchwa mmoja hajui mpaka wa rafu. Karatasi kavu zenye wadudu hufungwa ndani ya plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Zenye ukungu hukaushwa kwanza, kisha hufagiwa kwa brashi laini, mfagiaji akiwa na barakoa. Kati ya Novemba na Aprili, unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, ukungu unarudi hata kwenye boksi safi. Ndiyo sababu rafu hazigusi ukuta wala sakafu.

«Wakishaskani, karatasi haina kazi.»

Ukurasa wa A4 kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, ni megabaiti 26 hivi. Saa moja ya kaseti ya stereo katika ubora wa kuhifadhi inakaribia gigabaiti 2. Hizo zinahitaji nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, na diski mpya kila baada ya miaka michache. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, diski inaweza kufa. Karatasi kwenye boksi haijali hayo. Kaseti ndiyo ya kuharakisha, maana mashine za kuisoma zinakwisha.

«Ukitoa, kila mtu atasoma mambo ya familia.»

Mkataba hutiwa saini kabla ya gari kuondoka. Unaweza kutoa kabisa au kuweka amana. Haki ya mwandishi haihami pamoja na karatasi isipokuwa imeandikwa hivyo. Unaweza pia kufunga sehemu fulani kwa miaka mnayokubaliana. Ushuhuda wa watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, kwa mfano, una majina ya majirani ambao bado wako hai. Hifadhi makini haiuweki wazi hata mtoaji asipoomba.

Mkataba useme pia visivyochukuliwa vinakwenda wapi: virudi kwenu, vipewe taasisi nyingine, au viteketezwe. Nakala tano za programu ileile ya kilio zitabaki mbili. Na ule msalaba mdogo wa shaba uliokuwa chini ya sanduku upelekeni makumbusho, maana hifadhi ya nyaraka haina kabati lake.